Kibarua, Kipande na Kifagio: Maneno ya Utumwa na ya Uhuru katika Bonde la Ufa

1. Utangulizi

Siku moja, tulipokuwa tukichambua msamiati wa utumwa katika fasihi ya pwani, mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Nakuru aliniuliza kama bara nako kulikuwa na watumwa. Nilimjibu upesi kwamba utumwa ulikuwa habari ya pwani na visiwa, na kwamba Bonde la Ufa lilikuwa njia ya misafara tu. Akauliza tena: mbona basi babu yake, aliyezaliwa shambani kwa mlowezi huko Subukia, alipokuwa akiwasimulia wajukuu maisha ya ujana wake alilitumia neno utumwa? Sikuwa na jibu la swali hilo la pili, na makala haya ni jaribio la kulijibu.

Swali lenyewe si dogo. Huko Marekani, ambako mwandishi wa makala haya alipata kusoma kwa muda, utumwa ulikomeshwa kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu tangu 1861 hadi 1865 na kuwaua watu zaidi ya 600,000. Afrika ya Mashariki haikupigana vita vya namna hiyo. Utumwa wa pwani ulikomeshwa kwa mikataba, amri na sheria, hatua kwa hatua, nasi tumezoea kuihesabu habari hiyo kuwa imekwisha. Hata vita vya Mbaruk bin Rashid wa Gasi, vya 1895 na 1896, vilihusu urithi wa Takaungu na mamlaka ya pwani. Havikupiganwa kwa ajili ya kuwaweka watumwa huru.

Rai ya makala haya ni kwamba suala ambalo vita vya Marekani vililizusha, yaani nani ana haki juu ya kazi ya mtu, na mtu aliyeachwa huru atasimama juu ya ardhi ya nani, halikuamuliwa na sheria zilizotungwa pwani. Lilihamia bara. Lilipiganiwa Nakuru na wilaya jirani katika miaka ya 1950, na sehemu yake moja haijapata hukumu hadi leo. Wanahistoria wamekwisha kulieleza jambo hili kwa ushahidi wa nyaraka. Sisi wa idara ya lugha tuna ushahidi wa namna nyingine, nao ni maneno. Tutayachunguza hasa matatu: kibarua, kipande na kifagio. Yote matatu yana kiambishi ki- cha udogo, na yote matatu yalitawala maisha ya watu wazima.

2. Utumwa wa pwani na jinsi ulivyokwisha

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Mtumwa ni jina lililotokana na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa: ni mtu atumwaye. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichotupa mtume na mtumishi. Kwa asili yake, basi, neno mtumwa halisemi lolote juu ya minyororo wala mnada. Lasema kwamba yuko mwingine mwenye amri. Chini ya neno hilo la jumla pwani ilikuwa na daraja nyingi. Mateka alikuwa mtu aliyetekwa vitani. Mjinga, katika maana yake ya zamani, ni mtumwa aliyefika punde kutoka bara naye hajajua desturi za mji. Mzalia ni yule aliyezaliwa nyumbani kwa bwana. Alikuwako mtwana, alikuwako mjakazi, alikuwako suria. Aliyekimbia aliitwa mtoro, na watoro walijenga vijiji vyao wenyewe nyuma ya mwambao, kama vile Fuladoyo na Makongeni. Kinyume cha hao wote alikuwa mtu huru. Na bwana aliyependa kumwacha mtumwa wake aliweza kumwandikia hati ya uhuru. Tuliweke moyoni jambo hilo: maana ya zamani ya uhuru, kabla haujawa uhuru wa taifa, ilikuwa ni hali ya mtu mmoja, nayo ilithibitishwa kwa karatasi.

Karatasi nyingine ilikuwa kibarua. Neno hili ni udogo wa barua. Katika miji ya pwani, na hasa Unguja, watumwa walikodishwa kwa kazi za kutwa, za kupakua mizigo na za kujenga, na sehemu ya ujira wao ilichukuliwa na mabwana zao. Mfanya kazi wa namna hiyo alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kazi yake, na kwa muda jina la kikaratasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu. Leo tunasema kibarua kafika, wala hatukumbuki barua.

Utumwa ulikomeshwa kwa vipande. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali, kwa kushurutishwa na Waingereza, kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la Unguja. Mwaka 1897 hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba, na mwaka 1907 ikafutwa katika mwambao wa Kenya. Tanganyika ilingojea hadi 1922. Katika mwambao wa Kenya mabwana walioweza kuthibitisha hasara yao mbele ya mahakama walilipwa fidia. Walioachwa huru hawakupewa ardhi. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi za mwambao, na mashamba yakaandikishwa kwa majina ya wenye uwezo wa kudai. Aliyekuwa mtumwa akaendelea kulima pale pale alipokuwa akilima, lakini sasa akiwa juu ya ardhi ya mwenyewe. Hivyo mwambao ukapata maskwota wake, ambao wajukuu zao wangali wakidai mashamba Kilifi, Malindi na Kwale.

3. Kutoka msafara hadi shamba

Je, mambo hayo yanahusianaje na Nakuru? Kabla ya ukoloni Bonde la Ufa lilikuwa njia ya misafara ya pembe. Wafanyabiashara wa pwani walipita Naivasha, Elmenteita na Nakuru wakielekea Baringo, ambako walinunua chakula kwa watu wa Njemps na kutafuta pembe za ndovu. Joseph Thomson alipolipita Bonde hilo mwaka 1883 alisafiri sehemu ya njia pamoja na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani. Nchi yenyewe ilikuwa malisho ya Wamasai, na misitu ya Mau ilikuwa makao ya Waogiek.

Msafara ulikuwa chuo cha Kiswahili cha bara, na ndio uliolieneza neno posho, chakula apimiwacho mpagazi. Ndio pia uliomleta mnyapara, kiongozi wa kundi la wapagazi, ambaye jina lake lina asili ya Kinyamwezi, mnyampara. Reli ilipolifikia ziwa Victoria mwaka 1901, wapagazi walipoteza kazi lakini maneno yao hayakupotea. Yalishuka katika stesheni za Naivasha, Nakuru na Njoro, yakaingia mashambani. Mfanya kazi wa shamba la mlowezi alipimiwa posho ya unga kila juma, na aliyemsimamia aliitwa nyapara. Hata kiambishi cha mwanzo kilikuwa kimedondoka njiani.

Mashamba hayo yalipatikana upesi. Kwa mkataba wa 1904 Wamasai walihamishwa kutoka sehemu hii ya Bonde na kupelekwa Laikipia, wakiahidiwa kwamba hawatasumbuliwa tena. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili na wakahamishwa Laikipia nako. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 karibu na Njoro, kisha akajipatia Soysambu kando ya ziwa Elmenteita. Ardhi ilikuwa nyingi, na mikono ya kuilima haikuwapo. Hapo ndipo serikali ilipoombwa ilete watu.

4. Kipande

Yapasa tuzitazame tarehe mbili kwa pamoja. Mwaka 1906 serikali ilitunga Sheria ya Mabwana na Watumishi, ambayo ilimfanya mfanya kazi aliyeacha kazi kabla ya muda wake kuwa mkosaji wa jinai, si mdaiwa wa kawaida. Mwaka 1907 ikaufuta utumwa katika mwambao. Serikali ile ile, kwa mkono wa kuume, ilimwambia mtumwa wa Malindi kwamba aweza kuondoka; na kwa mkono wa kushoto ilimwambia kibarua wa Naivasha kwamba akiondoka atafungwa. Kiswahili kilikuwa na kitenzi kimoja tu kwa kitendo hicho, nacho ni toroka. Mtoro wa pwani na mtoro wa bara waliitwa kwa jina moja.

Ili mtoro ajulikane palihitajika alama. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, tangu mwaka 1919 na 1920, ikaanza kutumika. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimika kuwa na kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuandikwa na tarehe ya kuruhusiwa kuondoka. Karatasi hiyo ilitiwa katika kikopo cha bati, na wengi walikitungika shingoni kwa uzi. Bila ya sahihi ya mwajiri wa kwanza hapakuwa na njia halali ya kwenda kwa mwajiri wa pili. Malalamiko juu ya kipande, kodi na kazi ya kushurutishwa yalikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapigania Harry Thuku. Alipokamatwa Machi 1922 umati ulikusanyika Nairobi kudai aachiliwe, ukapigwa risasi.

Tuvuke bahari kidogo, kwa kuwa ulinganisho huu una faida. Mwishoni mwa 1865, miezi michache tu baada ya bunduki kunyamaza, jimbo la Mississippi lilitunga sheria zilizomtaka kila Mwafrika aliyeachwa huru awe, ufikapo mwezi wa Januari, na ushahidi wa maandishi wa makao na kazi yake. Asiyekuwa na kazi aliweza kushtakiwa kuwa mzururaji, na aliyeshindwa kulipa faini alikodishwa kwa yeyote atakayemlipia. Waliotunga sheria za Mississippi na waliotunga zile za Nairobi walikuwa na shida moja: wana ardhi, hawana watu, na hawaruhusiwi tena kununua watu. Wote wawili wakakimbilia karatasi.

Neno kipande lilikuwapo kitambo, likiwa na maana ya sehemu ya kitu au ya kazi iliyopimwa. Hadi leo Mkenya anaweza kukiita kitambulisho chake kipande, ingawa sheria ya 1947 iliuweka uandikishaji wa watu wa rangi zote chini ya utaratibu mmoja. Babu yangu na babu yako walivalia neno hilo shingoni, nasi tunalitia mfukoni.

5. Skwota na kifagio

Waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya Nakuru, Njoro, Molo, Subukia na Naivasha hawakuja wote kwa nguvu. Wengi, hasa Wakikuyu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, walikuja kwa hiari pamoja na wake zao, watoto na mifugo, wakiyafuata malisho mapana ambayo kwao hayakuwapo tena. Wakipsigis, Wanandi na Watugen nao walikuwamo. Katika desturi ya Wakikuyu mtu asiye na ardhi aliweza kuwa muhoi, yaani kuomba kwa mwenye ardhi mahali pa kulima na kulisha, akaishi hapo kwa heshima na kwa kusaidiana. Wengi waliuelewa mpango wa Bonde la Ufa kwa namna hiyo.

Mlowezi aliuelewa kwa namna nyingine, na neno alilolichagua latuonyesha. Skwota, katika Kiingereza, ni mtu akaaye juu ya ardhi pasipo haki. Mtu aliyealikwa, aliyevunja pori na kulifanya shamba, alipewa jina la mvamizi. Sheria ya 1918 ilikataza asilipe kodi ya fedha kwa ardhi aliyoitumia. Alipe kwa kazi, isiyopungua siku 180 kwa mwaka. Sheria ya 1925 ikamfanya mtumishi badala ya mpangaji. Ile ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, ikazipa halmashauri za walowezi za wilaya uwezo wa kuongeza siku za kazi na kupunguza ekari na mifugo ya skwota. Siku zikapanda hadi 240, na mahali pengine 270. Mwanamume hakuhesabiwa peke yake: wake na watoto nao waliitwa shambani wakati wa mavuno na wa kuchuma pareto.

Hapa ndipo linapoingia neno la tatu. Katika miaka ya 1920 walowezi walianza kuyaondoa makundi ya mifugo ya maskwota. Walitoa sababu ya magonjwa, kwamba ng'ombe wa kienyeji watawaambukiza ng'ombe wa kigeni. Palikuwa na sababu nyingine iliyo dhahiri: mtu mwenye ng'ombe arobaini haharakishi kwenda kuchuma pareto ya mwenziwe. Mifugo ikauzwa kwa bei ya kutupa, au ikafukuzwa mashambani. Maskwota waliliita jambo hilo kifagio.

Tulitazame neno hili kwa makini. Kifagio ni chombo cha nyumbani, cha mkononi mwa mama alfajiri. Waliolichagua hawakuliazima kutoka Kiingereza wala hawakulitafsiri kutoka lugha ya serikali. Walikichukua Kiswahili cha kawaida, lugha iliyowakutanisha Mkikuyu, Mnandi na Mluhya katika kambi moja ya wafanya kazi, wakakifanya kiseme jambo ambalo hati za serikali ziliita upunguzaji wa mifugo. Neno kifagio lasema wazi kwamba aliyefagia aliwahesabu wao na mali yao kuwa taka. Kwa maoni yangu huo ni uhakiki wa kisiasa uliokamilika, nao una silabi nne.

Wakati huo huo walowezi walikuwa na Kiswahili chao, kile ambacho wataalamu wamekiita Kisetla. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha Kiswahili cha bara kilichokusudiwa kwa watu wa namna hiyo. Katika Kisetla upatanisho wa ngeli hupuuzwa, iko na hapana hufanya kazi ya vitenzi vingi, na kauli ya amri hutawala. Si ajabu. Lugha hujenga kile inachohitajiwa kukifanya, na Kisetla hakikuhitajiwa kuuliza. Hivyo katika shamba moja palikuwa na Kiswahili viwili: kimoja cha kuamuru, na kingine, kule kambini, cha kuwapa mambo majina yake.

6. Vita

Kufikia miaka ya 1940 palikuwa na watoto wa maskwota waliozaliwa Bonde la Ufa, wasiojua kwao pengine. Sheria iliwaambia kwamba hawana haki mahali walipozaliwa. Mwaka 1941 serikali ilianzisha makazi ya Olenguruone, juu ya Mau, kusini-magharibi ya Nakuru, ikawaweka huko Wakikuyu waliokuwa wameondolewa katika nchi ya Wamasai. Watu waliamini kwamba wamepewa ardhi badala ya ardhi. Serikali ikashikilia kwamba wao ni wapangaji tu, na lazima wafuate kanuni zake za kilimo. Walikataa. Wakala kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na watoto, jambo lililokuwa jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walianza kuondoshwa kwa nguvu, na kufikia 1950 makazi yalikuwa yamevunjwa. Kiapo hakikuvunjwa nayo. Kilienea katika mashamba ya Bonde la Ufa, ambako mwaka 1946 na 1947 maskwota wengi walikuwa wamekataa kutia vidole katika mikataba mipya.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Katika miezi iliyofuata makumi ya maelfu ya Wakikuyu walifukuzwa Bonde la Ufa, wakapakiwa katika malori na magari ya moshi na kurudishwa Mkoa wa Kati, ambako wengi wao hawakuwa na hata kiwanja. Kifagio cha 1953 kilifagia watu.

Je, vita hivyo tuviite vya wenyewe kwa wenyewe? Wapo wasiolipenda jina hilo, kwa kuwa laweza kumwondolea mkoloni lawama. Lakini ni kweli pia kwamba waliouawa na Mau Mau kwa wingi walikuwa Waafrika wenzao. Walowezi waliouawa walikuwa 32. Mauaji ya Lari ya Machi 1953 yalikuwa na mizizi katika ugomvi wa ardhi baina ya majirani. Walinzi wa vijiji, homugadi kama walivyoitwa, walikuwa ndugu wa wale waliokuwa msituni. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama za kikoloni. Tunaloweza kusema ni kwamba vilikuwa vita dhidi ya mkoloni vilivyopiganwa ndani ya nyumba ya Mkikuyu, na nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kugawanyika baina ya mwenye shamba na asiye nalo.

Suala la kazi halikuachwa nyuma hata kizuizini. Serikali iliifanya kazi kuwa dawa ya kuwaponya waliokula kiapo. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa wasiokubali kulazimishwa kufanya kazi walipigwa na askari hadi 11 wakafa. Waliokufa Hola walikufa kwa kukataa kuwa watu watumwao, na mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita jambo hilo kimya.

7. Baada ya vita

Tuirudie Marekani kwa mara ya mwisho. Januari 1865 Jenerali William Sherman alitoa amri ya kuwagawia watu walioachwa huru sehemu za pwani ya kusini, kila jamaa isizidi ekari 40. Kabla ya mwaka huo kwisha Rais Andrew Johnson alikuwa amekwisha kuirudisha sehemu kubwa ya ardhi hiyo kwa wenyewe wa zamani. Watu waliobaki bila ya ardhi walilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, wakafungwa na madeni kwa vizazi. Katiba ilikuwa imewapa uhuru. Haikuwapa mahali pa kuutumia.

Kwetu mambo yalichukua njia nyingine, lakini yalifika karibu na hapo. Mwaka 1954 ulianza mpango wa kuunganisha na kuandikisha mashamba katika Mkoa wa Kati, wakati ambapo maelfu ya watu walikuwa kizuizini. Waliokuwapo ndio walioandikwa. Mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962 uliwapa makazi jamaa zipatazo 35,000, lakini ardhi ilinunuliwa kutoka kwa walowezi, na mkulima mpya akaanza maisha yake ya uhuru akiwa mdaiwa. Mashamba mengine makubwa yaliuzwa mazima mazima kwa wenye fedha, na mengine yakanunuliwa na makampuni ya wanyonge waliochanga akiba zao, kama Ngwataniro huko Nakuru. J. M. Kariuki, aliyezaliwa Kabati-ini karibu na Nakuru mwaka 1929 katika jamaa ya maskwota, akaandika habari za kufungwa kwake katika kitabu kilichotoka 1963, alilizungumza suala hili bungeni na nje ya bunge hadi alipouawa Machi 1975.

Wala hatupaswi kuwasahau wengine. Wamasai waliohamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911 hawakurudishiwa nchi yao. Waogiek wa Mau walifukuzwa msituni mara kwa mara, mpaka Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilipoamua kwamba haki zao zimevunjwa. Maskwota wa Kikalenjini waliona mashamba waliyoyalima yakinunuliwa na wengine. Machafuko ya Molo na Olenguruone mwanzoni mwa miaka ya 1990, na yale ya Nakuru, Naivasha na kwingineko baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo yaliwaua watu zaidi ya 1,100 nchini kote, yalichochewa na siasa. Lakini siasa ilipata kuni zilizokwisha kukauka. Maneno yaliyotumiwa katika machafuko hayo, kama vile madoadoa, kwa maana ya watu wa kuondolewa, ni ya ukoo mmoja na kifagio. Tofauti ni kwamba kifagio lilikuwa neno la aliyefagiwa, na madoadoa ni neno la mwenye kufagia.

Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliiondoa Mau Mau katika orodha ya vyama vilivyopigwa marufuku, miaka 40 baada ya uhuru. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari jumla ya pauni milioni 19.9. Malipo hayo yalikuwa ya mateso ya mwili. Ardhi haikutajwa.

8. Je, ulikuwa utumwa?

Sasa tunaweza kumrudia yule mwanafunzi. Mtu mwangalifu atasema kwamba skwota hakuwa mtumwa. Hakuuzwa mnadani; watoto wake hawakuwa mali ya bwana; mara nyingi alikuja mwenyewe, na katika miaka ya mwanzo aliweza kutajirika kwa mifugo kuliko ndugu aliyemwacha nyumbani. Hayo yote ni kweli, na anayeyapuuza anaidhulumu historia ya wale waliouzwa kweli kweli, waliotembezwa kutoka Nyasa hadi Kilwa wakiwa na makongwa shingoni. Neno utumwa likitumiwa kwa kila dhuluma litapoteza makali yake.

Lakini babu wa Subukia naye hakuropoka. Hakusema kwamba alinunuliwa. Alilitumia neno katika maana yake ya msingi, maana ya kitenzi tuma: alikuwa mtu ambaye kazi yake, mifugo yake, siku za mke wake na ruhusa yake ya kuondoka vilikuwa mkononi mwa mwingine. Kwa kipimo hicho alisema kweli. Jibu nililompa mwanafunzi, kwamba utumwa ni habari ya pwani, lilikuwa jibu la sheria ya 1907. Lugha ya babu yake ilikuwa na kumbukumbu ndefu kuliko sheria hiyo.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba njia ya kutoka utumwa hadi uhuru katika nchi yetu imewekwa alama kwa karatasi: hati ya uhuru, kibarua, kipande, na mwisho hati ya shamba, ambayo wengi wangali wakiingojea. Kifungu cha 30 cha Katiba ya 2010 kinakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Ni kifungu chema. Hata hivyo, mtu asiye na mahali pa kusimama hukikuta kifungu hicho kikiwa mbali naye, kama alivyokuwa mtu wa Malindi mwaka 1908.

Linabaki jukumu letu wenyewe. Ningependekeza, kwanza, kwamba kamusi zetu za siku zijazo ziipe kifagio maana yake ya kihistoria pamoja na ile ya chombo, na kwamba kibarua na kipande zielezwe kwa asili zao. Pili, kwamba idara zetu ziwatume wanafunzi Bahati, Subukia, Molo, Njoro na Olenguruone wakayakusanye maneno ya mashamba kutoka kwa wazee na kwa watoto wa wazee hao. Waliokuwa watu wazima wakati wa kifagio wamekwisha kutuacha, na waliokuwa watoto mwaka 1952 sasa ni wakongwe. Yule mwanafunzi wangu alianza kazi hiyo bila ya kutumwa na mtu. Alirudi nyumbani wakati wa likizo akamhoji nyanya yake, kwa kuwa babu alikuwa amekwisha kufariki, na akaniletea daftari yenye maneno 63. Zaidi ya nusu yake sikuwa nimepata kuyasikia.